Neno Letu Katika Jina la Nyati

Mwenzangu wa chumbani ni mtoto wa Mombasa na anasoma biolojia. Wiki yake ya kwanza hapa Uganda tulimpeleka kula samaki karibu na ziwa. Mama muuzaji aliposema leo kuna mamba, mwenzangu akasukuma kiti nyuma. Kwake mamba ni yule mwenye meno anayenyakua watu mtoni. Akatutazama kama watu waliokwisha kuuza dini yao.

Mimi ndiye niliyegeukiwa, kwa sababu nasoma Masomo ya Kiislamu, na wanafunzi wengine hudhani mtu wa mwaka wa pili ni mufti. Nikaanza kueleza kwamba kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu ni kuwa mamba haliwi, ingawa anaishi majini. Nilikuwa bado natafuta dalili kichwani sahani ilipofika, na ndani yake mlikuwa na samaki. Kwa Kiganda mmamba ni samaki mrefu mwenye mapafu, anayevuta hewa na kujizika topeni wakati wa ukame. Wavuvi wa upande wa Kenya humwita kamongo. Mwenzangu alipekua simu yake, akasoma kwa sauti, “Protopterus aethiopicus. Kumbe ni huyu!” Akapiga Bismillahi, akala kutushinda sote.

Usiku ule, kwa furaha ya aliyeshiba, alinieleza kwa nini wataalamu wa viumbe wanang’ang’ania majina ya Kilatini. Neno moja linaweza kuwa mnyama huyu Mombasa na mwingine Kampala, na mnyama mmoja akawa na majina hamsini. Msweden Carl Linnaeus, aliyefariki mwaka 1778, ndiye aliyeweka desturi ya kila kiumbe kuwa na jina la maneno mawili. Neno la kwanza ni la jenasi, yaani kama ukoo, na la pili ndilo linalomtenga na ndugu zake. Kwa mimea hesabu inaanzia kitabu chake cha mwaka 1753, na kwa wanyama toleo la kumi la kitabu chake kingine, la mwaka 1758. Tangu hapo jina lililotangulia kuchapishwa kwa kufuata kanuni ndilo lenye haki. Likiwa baya au limekosewa, bado ndilo.

Alinipa mfano wa okapi, mnyama wa misitu ya Kongo. Mwaka 1900 Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza hapa Uganda, alipeleka London vipande vya ngozi yenye milia alivyovipata kwa watu wa huko. Mtaalamu aliyeviona akadhani ni pundamilia wa aina mpya, akamwandika Equus johnstoni, yaani farasi wa Johnston. Mwaka 1901 ikafika ngozi nzima pamoja na mafuvu, ikaonekana ni ndugu wa twiga. Akahamishwa ukoo, akawa Okapia johnstoni. Nikamwambia, “Kwa hiyo ukoo umebadilika, lakini johnstoni amebaki?” Akajibu, “Lile la pili halitoki, ustadhi. Likishaingia limeingia.”

Na watu wa msituni waliomjua okapi tangu enzi na kumwita kwa jina lake? Wao wamebakia nusu ya jina, na nusu nyingine ni ya bwana aliyepeleka kifurushi. Nililiacha hilo lipite. Kilichonishika ni karatasi aliyoibandika ukutani wiki chache baadaye alipokuwa akijiandaa kwa safari ya mafunzo mbugani. Ilikuwa orodha ya wanyama na majina yao. Tembo, kiboko, nyati. Mbele ya nyati paliandikwa Syncerus caffer.

Mtu anayesoma Kiarabu kila siku hawezi kuliona neno hilo akalipita. Nikamwuliza, “Hili caffer ni nini?” Akasema, “Jina tu.”

Si jina tu. Anders Sparrman, mwanafunzi wa Linnaeus, alikwenda kusini kabisa mwa Afrika katika miaka ya 1770, na mwaka 1779 akamtangaza nyati kwa jina la Bos caffer, ng’ombe wa nchi ya Makafiri. Wazungu wa Rasi waliita hivyo nchi ya Waxhosa na majirani zao. Baadaye nyati alihamishwa jenasi, lakini caffer ikabaki pale pale, kama johnstoni. Miti nayo haikuachwa. Mwanafunzi mwingine wa Linnaeus, Carl Thunberg, aliupa mti mmoja wa maua mekundu, wa jenasi moja na jjirikiti yetu, jina la Erythrina caffra. Wengine wakafuata mtindo huo, na mimea yenye neno hilo ikawa mingi.

Sasa, ndugu msomaji, neno hilo lilifikaje Rasi? Hapa ndipo nilipotamani nisingekuwa na bidii ya kusoma. Halikuzaliwa Ulaya. Waislamu wa pwani hii ya Afrika Mashariki, Waarabu na Waswahili, waliwaita makafiri watu wa bara wasiokuwa Waislamu. Wareno walipofika mwishoni mwa karne ya 15 walilisikia kwao, wakalifanya cafre, na kutoka kwa Wareno likawafikia Waholanzi. Kufika enzi za ubaguzi Afrika Kusini lilikuwa tusi zito kuliko yote analoweza kutukanwa mtu mweusi. Leo ukimtamkia mtu huko, anaweza kukupeleka mahakamani, na wengi wao hawaandiki hata herufi zake zote.

Yapo ya kujitetea, na niliyatumia. Nilijiambia kwamba neno hili kwetu ni istilahi. Asili yake ni kufunika, na wafasiri wengi wanasema katika Suratul Hadid limetumika kwa wakulima, kwa kuwa mkulima huifunika mbegu udongoni. Kwenye fiqhi na akida lina masharti ambayo maulamaa wamejaza vitabu kuyaeleza, na wameonya vikali juu ya kulirusha ovyo. Ni hukumu, na hukumu ina hakimu wake. Wareno na Waholanzi ndio walioligeuza kuwa jina la kabila. Sisi tumo?

Tumo. Yule mfanyabiashara wa pwani aliyesema “kafiri” akimwonyesha mtu wa bara hakuwa amekaa naye akamfikishia ujumbe, huyo akaukataa. Alikuwa anaonyesha kidole tu, kwamba yule si wetu. Na tofauti hiyo ilikuwa na bei sokoni, kwa sababu sheria haikuruhusu kumtia utumwani Mwislamu huru, ila aliyeitwa kafiri njia yake ilikuwa wazi. Neno la kuhukumu lilishageuzwa kuwa neno la kutambulisha kabla Mreno hajatia nanga. Na kila lilipotumika kutambulisha, lilikuwa linahukumu bado.

Nayasema haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Mama yangu alisilimu alipoolewa na baba. Mama yake, Jjajja, ni Mkristo mpaka leo. Nilipokuwa na miaka 11 alikuja kututembelea na matoke na mchuzi wa njugu aliopika mwenyewe, akatembea nao kutoka stendi akiwa amebeba kichwani. Jana yake madrasa tulikuwa tumefundishwa jambo fulani juu ya vyakula, na mimi nililisikia nusu. Mbele ya majirani nikasema, “Mimi sili chakula cha kafiri.” Neno hilo Jjajja analijua, limo hata katika Kiganda. Hakusema kitu. Alichukua sahani aliyokuwa amenipakulia akampa mdogo wangu. Jikoni mama aliniambia maneno manne tu, kwamba yule ni mama yangu.

Kifiqhi nilikuwa mjinga pia. Chakula cha Ahlul Kitab kimeruhusiwa, na ndizi haichinjwi. Asma binti Abubakar alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge mama yake aliyekuwa mshirikina na ambaye alikuja kwake, akaambiwa amuunge. Hadithi hiyo nimekuja kuisoma nikiwa chuo. Lakini mtoto wa miaka 11 hakuhitaji hadithi kujua kuwa bibi amechoka na njia.

Jjajja ni wa ukoo wa Mbogo. Wasomaji wasio Waganda wajue kwamba Waganda wana mfumo wao wa kupanga watu kwa viumbe, na mtu wa ukoo wa Mbogo hali nyama ya nyati maisha yake yote, kwa kuwa ni muziro wake. Kwake nyati ni heshima ya nyumba. Na jina hilo la Mbogo hata sisi Waislamu tunalijua, maana Mwana wa mfalme Nuhu Mbogo, aliyekuwa kiongozi wa Waislamu wa nchi hii hadi alipofariki mwaka 1921, baba yake Badru Kakungulu, alibeba jina la mnyama huyohuyo. Basi nikasimama mbele ya karatasi ya mwenzangu nikiona neno nililomtupia Jjajja nikiwa mtoto limeandikwa kwa Kilatini ubavuni mwa muziro wake, miaka zaidi ya mia mbili kabla sijazaliwa.

Nikauliza kama linaweza kufutwa. Jibu ni kwamba inategemea unamwuliza nani. Julai 2024, wataalamu wa mimea walipokutana Madrid kwenye kongamano lao la kimataifa, walipigia kura pendekezo la wanasayansi wawili wa Afrika Kusini kwamba caffra na ndugu zake wote wageuzwe kuwa affra, kwa maana ya Afrika. Kura 351 zilikubali, 205 zikakataa. Spishi zaidi ya 200 za mimea, kuvu na mwani zikabadilishiwa jina kwa kuondolewa herufi moja ya mwanzo. Erythrina caffra ikawa Erythrina affra.

Wanyama wana kanuni zao na tume yao, na huko mlango umefungwa. Mwaka 2023 wajumbe wa tume hiyo waliandika kwamba hawatabadilisha majina kwa sababu za kimaadili. Hoja yao si ya kijinga, na tusiwafanye maadui. Wanasema majina ya wanyama ni mengi mno, na lengo lake ni kwamba mtafiti wa leo aweze kusoma maandishi ya mwaka 1850 akajua ni kiumbe gani kinachozungumzwa. Nani ataamua lipi linaudhi? Linaloudhi hapa haliudhi kule, na lisiloudhi leo litaudhi kesho. Yuko mdudu wa mapangoni huko Slovenia, kipofu, aliyeitwa Anophthalmus hitleri katika miaka ya 1930, na jina limebaki. Mwenzangu yuko upande wao. Alisema, “Ukianza kuvuta uzi mmoja, kanzu yote inafumuka.”

Tulibishana mpaka adhana ya Isha. Na ajabu ni kwamba jibu nililolitafuta kwenye biolojia nililikuta kwenye somo nililokuwa nalipigia miayo, la elimu ya wapokezi wa hadithi. Wataalamu wa hadithi walikuwa na shida ileile ya Linnaeus. Watu maelfu, majina yanafanana, na ukimchanganya mpokezi mwaminifu na mwongo umeiharibu dini. Kwa hiyo walishikilia majina yanayomtenga mtu, hata yawe mabaya. Ndiyo maana katika isnadi mpaka leo tunasoma al-A’mash, yaani mwenye macho yanayotoka maji, na al-A’raj, kiguru. Hao ni wapokezi wakubwa, na tunawataja kwa kasoro za miili yao. Na Suratul Hujurat inakataza kuitana kwa lakabu mbaya! Maulamaa walipatanishaje?

Imamu Nawawi, alipoeleza mahali ambapo kumsema mtu kunaruhusiwa, alitaja kutambulisha kuwa ni moja. Ikiwa mtu hajulikani ila kwa lakabu hiyo, itumike, lakini kwa nia ya kutambulisha na si ya kudharau, na ikiwezekana kumtambulisha kwa njia nyingine, hiyo nyingine ndiyo bora. Someni masharti hayo polepole. Sharti la mwisho ndilo linalowabana wataalamu wa wanyama. Na lilitendewa kazi. Alikuwepo mpokezi mmoja mkubwa, Ismail bin Ibrahim, ambaye watu walimwita Ibn Ulayya kwa jina la mama yake, naye hakulipenda. Imamu Ahmad alimkosoa Yahya bin Main kwa kumwita hivyo, akamwambia amwite Ismail bin Ibrahim, na Yahya, aliyekuwa bingwa wa fani hiyo, alikubali kukosolewa. Imamu Shafi yeye alisema Ismail “anayeitwa” Ibn Ulayya. Katika neno hilo moja msomaji anamjua mtu, na mwenye jina anajua kuwa msemaji hakubaliani nalo. Elimu haikupotea. Kanzu haikufumuka.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alibadilisha majina. Mwanamke aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi akamwita Jamila. Barra, linalomsifu mwenyewe kwa wema, akaligeuza pia, kwa hiyo kumbe hata jina zuri linaweza kuondolewa. Ila hakulazimisha. Babu yake Said bin al-Musayyab aliitwa Hazn, ugumu, na Mtume akampendekezea Sahl, wepesi. Yule akasema hawezi kuacha jina alilopewa na baba yake. Akaachwa nalo, na mjukuu wake alikuja kusimulia kwamba ugumu ule waliuona katika familia yao baada ya hapo. Kila ninaposoma hoja ya ile tume ya wanyama namkumbuka babu huyo. Hawakufanya dhambi. Wameshika cha baba yao.

Mwenzangu ana jibu lake, na ni zuri. Anasema Ibn Ulayya alikuwa mtu, aliumia, wakati nyati haumii kwa kuitwa caffer. Kweli. Wala mti wa Erythrina haukulia Madrid. Lakini mwanafunzi wa Kixhosa anayetaka kusomea wanyama wa nchi yake lazima alikariri neno hilo, aliandike kwenye mtihani, alitamke mbele ya darasa. Majina ya viumbe husomwa na watu. Linnaeus huyohuyo, katika kitabu kilekile cha 1758, aliwapanga na binadamu kwa mabara, akaandika kwamba Mzungu anaongozwa na sheria na kwamba Mwafrika ni mvivu na mjanja anayeongozwa na matamanio yake. Aliyekuwa akitambulisha maua na samaki alihamia kwenye kuhukumu watu, na hakubadilisha hata kalamu.

Mimi simwombi mtu abadilishe kila jina. Johnston abaki na okapi wake. Jina la mtu ni kumbukumbu kwamba alikuwepo, hata kama hatumpendi, na juu ya yule mdudu wa Slovenia bado nafsi yangu haijatulia. Lakini caffer si mtu. Ni neno lililoazimwa kwetu likiwa tayari limeharibiwa na sisi, na wataalamu wa mimea wameonyesha kwamba njia nyingine ya kutambulisha ipo, tena kwa gharama ya herufi moja. Nashangaa kwamba wito huo ulitoka kwa wanabotania na haukutoka kwetu, wenye neno. Kwenye mihadhara yetu hapa chuoni bado nasikia likitumiwa kwa wenzetu tunaokaa nao bweni moja na kuazimana nao pasi. Hatusemi kwa hukumu yenye masharti yake. Tunasema kwa kuonyesha kidole, kama yule wa sokoni. Mwaka jana nami nilikuwa nikilisema.

Idi iliyopita nilikwenda kwa Jjajja kijijini. Nilimkuta anamenya ndizi uani. Nikamsimulia habari za nyati, Mswidi yule na kura za Madrid, kisha nikamkumbusha siku ya matoke na nikamwomba msamaha, miaka 11 baadaye. Kwanza alitaka kujua huko Madrid walikuwa wakila nini watu wote hao. Kisha akasema anaikumbuka siku ile, kwamba mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa na utelezi. Akaniletea kisu cha pili, nikaketi, tukamenya pamoja.